Sura ya 4: Kabla Ugonjwa Haujapata Jina

Wiki ya kwanza ya Julai 2022, kituo cha afya cha Mbekenyera, wilayani Ruangwa, kilipokea wagonjwa wawili wenye homa. Vichwa viliwauma, miili ilikuwa imechoka kupita kiasi, na damu ilikuwa ikiwatoka puani. Homa na kuumwa kichwa ni vitu ambavyo mhudumu wa afya wa mkoa wa Lindi huviona kila siku ya kazi. Malaria peke yake huweza kujaza mabenchi kabla ya saa nne asubuhi. Damu ya puani ndiyo iliyovuruga hesabu. Homa inayoandamana na kutokwa damu ina ndugu wabaya, wakiwamo Ebola na Marburg.

Mhudumu anayekutana na mgonjwa wa namna hiyo ana njia mbili. Anaweza kupima malaria, kuandika dawa, kumwita anayefuata. Foleni ni ndefu, na hakuna atakayemlaumu. Au anaweza kusimama, akanyanyua simu, akaripoti wilayani kwamba kuna jambo hapa halieleweki. Kutoka Mbekenyera taarifa ilipanda. Hadi tarehe 17 Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 20, na watatu kati yao walikuwa wamefariki. Vipimo vilikuwa vimeondoa Ebola, vimeondoa Marburg, vimeondoa Korona. Siku iliyofuata Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza jina: homa ya mgunda, ambayo madaktari huiita leptospirosi. Ni bakteria wanaokaa katika figo za wanyama, hasa panya, na kutoka kwa mkojo. Mkojo ukiingia kwenye maji au udongo wenye unyevunyevu, bakteria hao humpata mtu mwenye mchubuko mguuni, au anayeyanywa maji hayo. Ugonjwa ukiwahiwa, hutibika kwa antibiotiki za kawaida.

Kati ya mgonjwa wa kwanza na tangazo la waziri zilipita karibu wiki mbili ambazo magazeti yaliandika tu "ugonjwa usiojulikana". Tukisoma habari za milipuko, wengi wetu tunaanzia siku ya tangazo. Mimi nataka tukae ndani ya wiki hizo mbili, kwa sababu humo ndimo idara ya afya ya halmashauri hufanya sehemu ngumu kuliko zote ya kazi yake. Huko Dar es Salaam maabara inatafuta jina. Huku wilayani watu wanaendelea kuumwa, kuuguzana na kuzikana, na jina halingojwi.

Ugonjwa usio na jina hupewa kwanza maelezo. Timu ya wilaya hukaa chini na kuandika ni mtu wa namna gani atahesabiwa kuwa mgonjwa anayeshukiwa: anayeishi au aliyefika kata fulani, tangu tarehe fulani, mwenye homa, na mwenye dalili hii au ile. Sentensi hiyo moja huamua mengi. Ikiwa pana mno, kila mwenye malaria ataingia na wodi itafurika watu wasiohusika. Ikiwa nyembamba mno, yule mgonjwa wa mapema aliyekuwa na homa tu bila damu atabaki nje, na pamoja naye itapotea njia ambayo ugonjwa ulipitia. Kwa hiyo huandikwa, hutumika siku mbili, hurekebishwa.

Baada ya maelezo huja orodha, mstari mmoja kwa mgonjwa mmoja. Jina, umri, kijiji, kazi, dalili, alikuwa wapi, aliuguzwa na nani. Safu yenye thamani kuliko zote katika orodha hiyo ni tarehe ya kuanza kuumwa. Tarehe ya kufika kituoni ni rahisi kuijua, imo kwenye rejesta, lakini inaeleza zaidi kuhusu umbali, nauli na subira ya mgonjwa kuliko kuhusu ugonjwa wenyewe. Tarehe ya kuanza kuumwa hupatikana kwa kuuliza, na kwa kusaidia kumbukumbu: ilikuwa kabla ya gulio au baada? Ulikwenda shamba siku hiyo? Ukishazipanga tarehe hizo kwenye karatasi, ugonjwa huanza kujieleza hata kama haujajitambulisha. Watu 15 wakiwa wameanza kuumwa ndani ya siku mbili, tafuta walipokutana: karamu moja, msiba mmoja, kisima kimoja. Wakiwa wameanza mmoja mmoja, kila mmoja siku kadhaa baada ya mwingine, na wa pili alimuuguza wa kwanza, hapo mtu anamwambukiza mtu, na hatua za kuchukua ni nyingine kabisa.

Njia hii ni ya zamani kuliko maabara zetu. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja enzi za masultani, alichapisha London mwaka 1876 kitabu kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki kuanzia 1821 hadi 1872. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwishoni mwa 1869, Christie alikifuata kinyumenyume, kwa kukusanya habari za watu wa misafara na wa majahazi: mliona wapi wagonjwa, lini, mlitokea wapi. Kwa njia hiyo alionyesha kwamba safari hii ugonjwa ulipitia bara, katika nchi ya Wamaasai, ukashukia Pangani, ndipo ukavuka bahari. Robert Koch alikuja kumtambulisha bakteria wa kipindupindu kwa ulimwengu mwaka 1884. Wachukuzi na manahodha walioulizwa hawakumjua bakteria huyo, wala Christie mwenyewe. Walijua nani aliumwa wapi, na hiyo ilitosha kuchora njia.

Siku hizi maswali yale yale yana fomu, sheria na simu. Mwaka 1998 nchi za kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani (WHO) zilikubaliana kuunganisha ufuatiliaji wa magonjwa uwe mfumo mmoja, badala ya kila mradi kuwa na fomu zake na mtu wake. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuuanza. Kwa utaratibu huo zahanati, kituo cha afya na hospitali hujumlisha kila wiki wagonjwa wa magonjwa yaliyoorodheshwa na kupeleka hesabu wilayani, siku hizi mara nyingi kwa simu ya kawaida, ile ya vitufe isiyohitaji intaneti. Yapo magonjwa yasiyongoja wiki iishe. Kipindupindu, tauni, kimeta, homa ya manjano, mtoto aliyepooza ghafla, homa zenye kutoka damu: haya huripotiwa ndani ya saa 24, kwa mgonjwa mmoja tu, tena akiwa bado anashukiwa.

Ofisini kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, anayepokea hesabu hizo ni mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa. Mara nyingi ana majukumu mengine pia, na pikipiki anagawana na wenzake. Kila wiki huangalia mambo mawili. La kwanza, nani amepita kizingiti. Kwa kipindupindu kizingiti ni mtu mmoja. Kwa malaria, ambayo haikosekani, hulinganisha wiki hii na wiki kama hii ya miaka iliyopita, ili ajue kama kupanda huku ni mvua za kila mwaka au ni jambo jipya. La pili, nani yuko kimya. Zahanati isiyo na mgonjwa hata mmoja wa kipindupindu inapaswa kuandika sifuri. Sifuri ni taarifa: inasema kuna mtu ameangalia na hakuona. Pakiachwa wazi, hakuna ajuaye kama mhudumu hakuona mgonjwa, au amekwenda likizo, au simu yake haina chaji. Mratibu mzuri huwapigia walio kimya kabla ya kuwapigia wenye wagonjwa wengi.

Hata sifuri yenyewe huhojiwa, na hapa polio inatoa somo ambalo naona halijulikani vya kutosha. Kati ya watoto walio chini ya miaka 15, wapo wachache wanaopooza ghafla kila mwaka kwa sababu zisizo polio. Inategemewa kuwa nchi ikitafuta ipasavyo itawapata angalau wawili kwa kila watoto 100,000. Wilaya kubwa ikiripoti mwaka mzima kwamba haikumwona mtoto hata mmoja wa namna hiyo, haipongezwi. Inatembelewa, kwa kuwa inaelekea hakuna anayetafuta. Mtoto wa namna hiyo akipatikana, huchukuliwa choo mara mbili, kwa tofauti ya saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu apooze, na sampuli husafiri kwenye ubaridi. Kwa utaratibu huo, Mei 2023, ilithibitishwa polio kwa mtoto mmoja mkoani Rukwa. Mtoto mmoja alitosha kuwaleta wachanjaji nyumba kwa nyumba katika mikoa sita, Septemba mwaka ule.

Lakini rejesta na simu vinaishia mlangoni mwa zahanati. Anayekufa nyumbani bila kufika kituoni haonekani humo, na milipuko mibaya hupenda kuanzia nyumbani. Ndipo anapohitajika mhudumu wa afya ngazi ya jamii, WAJA kama tulivyozoea kumwita, ambaye ni jirani. Husikia kwamba nyumba fulani wamezika wawili katika mwezi mmoja. Huona kuku wamekufa kwa wingi, au mbuzi ametupa mimba. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha na kuwalipa wahudumu hao 137,294 katika miaka mitano. Kwangu mimi hicho ni kipimo kimoja cha uzito tunaoupa ufuatiliaji wa magonjwa: kama malipo hayo yatafika, na kama yatafika kwa wakati. Tumezoea kumwomba mwanamke wa kijijini atembee nyumba 30 kwa wiki kwa moyo wa kujitolea, huku kila aliye juu yake kwenye mnyororo huo wa taarifa akipokea mshahara.

Machi 2023 yote haya yalijaribiwa wilayani Bukoba, mkoani Kagera. Katika kata za Maruku na Kanyangereko watu walishikwa na homa, kutapika, kuharisha na kutokwa damu. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa amesafiri kutoka kisiwa cha Goziba, katika Ziwa Victoria, akaanza kuumwa aliporudi nyumbani. Wagonjwa wanne walikuwa wa familia moja. Tarehe 16 Machi serikali ilisema kuna ugonjwa usiojulikana. Tarehe 21, sampuli zilipokwisha kupimwa katika Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, jina likatoka: Marburg, mara ya kwanza kuthibitishwa Tanzania. Ni kirusi ambacho makao yake ni popo wala matunda wa mapangoni, na hakina chanjo iliyoidhinishwa. Siku jina lilipotoka, watano kati ya wagonjwa wanane walikuwa wamekwisha kufariki. Miongoni mwa walioambukizwa walikuwamo wahudumu wa afya wawili, na mmoja wao alifariki.

Habari ya wahudumu hao wawili ndiyo hoja yangu yote. Walimhudumia mgonjwa ambaye ugonjwa wake ulikuwa bado hauna jina. Mwongozo wa kujikinga na Marburg usingewafaa, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa ni Marburg. Kinachomlinda mhudumu wakati huo ni mazoea ya siku za kawaida: glavu kwa kila mgonjwa, maji na sabuni katika kila chumba, sindano kutupwa mahali pake. Zahanati inayoishiwa glavu mwezi wa kawaida, wenye malaria na wajawazito tu, imeshashindwa vita ya mlipuko ambao haujaanza. Bajeti ya glavu ni bajeti ya Marburg. Anayeipunguza anapaswa kujua anapunguza nini.

Jina lilipopatikana ilianza kazi ya miguu. Kila aliyemgusa mgonjwa, aliyelala naye chumba kimoja, aliyemfulia, aliyemwosha baada ya kufa, aliandikwa, na akafuatiliwa siku 21, ambazo ndizo muda mrefu kirusi huweza kujificha mwilini kabla ya dalili. Waliofuatiliwa walifika 212. Kila siku mtu hupita na kipimajoto, huuliza hali, huandika, huenda nyumba nyingine. Ukisoma kwa haraka ni kazi nyepesi. Sasa jiweke mahali pa mama anayefuatiliwa: una watoto, una ndizi sokoni, majirani wameacha kupita uani kwako, na kila asubuhi anakuja mtu mwenye fulana ya serikali wanayoiona wote. Utamwambia ukweli kwamba jana usiku mwili ulichemka? Utamwambia ikiwa unaamini utapelekwa mahali ambako ndugu yako hakurudi? Jibu huanzia kwenye mambo madogo. Aliyekuja ni nani, anakijua Kihaya, aliketi au alisimama mlangoni, alikuja na unga na sabuni au na karatasi tu. Kumzuia mtu asitoke nyumbani kwake bila kumpelekea chakula ni amri isiyotekelezeka, na mtendaji wa kijiji analijua hilo kuliko daktari. Ndiyo maana timu zinazofanikiwa humpitia mtendaji, mwenyekiti wa kitongoji, shehe, padri na mchungaji kabla ya kugonga mlango wa kwanza.

Tarehe 2 Juni 2023, siku 42 zikiwa zimekwisha kupita tangu mgonjwa wa mwisho apimwe na kukutwa hana kirusi, mlipuko ulitangazwa kwisha. Wagonjwa tisa, vifo sita. Ugonjwa uliokwisha kuua watano kabla ya kujulikana haukupata kuua watu wa kata ya tatu.

Miaka miwili haikutimia, ugonjwa ukarudi mkoani humo humo, wilaya ya Biharamulo. Tarehe 14 Januari 2025 WHO ilieleza hadharani kwamba kuna wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na Marburg. Siku iliyofuata Wizara ya Afya ilisema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha kirusi hicho. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alithibitisha kwamba mgonjwa mmoja amekutwa nacho, kwa kipimo cha maabara tembezi ya Kabaile, huko huko Kagera, kilichohakikishwa baadaye Dar es Salaam. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Wagonjwa waliothibitishwa kwa maabara walikuwa wawili tu. Wanane walihesabiwa baadaye, kwa dalili zao na kwa uhusiano wao na wagonjwa wengine, kwa sababu walikufa kabla ya mlipuko kuthibitishwa. Wote 10 walifariki.

Wanane kati ya 10. Maabara ilikuwa imesogea karibu, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini maabara hupima damu iliyoletwa. Watu wanane walipita kwenye nyumba, pengine kwenye vilinge vya waganga na mabenchi ya vituo, kabla ya mfumo kuthibitisha kilichokuwa kikiwaua. Kuhusu zile siku chache za kukanusha na kuthibitisha, najua hofu inayowakaa viongozi: mipaka kufungwa, watalii kukimbia, wafanyabiashara wa mabasi ya kwenda Kigali na Kampala kukosa abiria. Hofu hiyo ina msingi. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinataka taarifa ifike WHO ndani ya saa 24 tangu tathmini ifanyike, na zinazikumbusha nchi nyingine zisiweke vikwazo vya kupindukia. Nchi nyingine husahau sehemu hiyo ya pili. Hata hivyo, kijiji ambako watu wanakufa kimeshajua. Kusema mapema "hatujajua ni nini, lakini msioshe maiti peke yenu, piganieni kumleta mgonjwa mapema, pigeni 199" hakuhitaji jina lolote.

Jina lina faida yake, na halmashauri hulihitaji ili ihame kutoka kuzima moto kwenda kuuzuia. Ruangwa, kujua kwamba ni mgunda kulimaanisha kwamba hakuna haja ya kuwaogopa waliouguza, na kwamba macho yaelekezwe kwenye maji, maghala na panya. Kuzuia kwa kawaida hakupigwi picha. Ni afisa afya wa kata anayepima klorini kwenye ndoo ya maji bombani na nyumbani, akitafuta miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, na kurudi tena wiki ijayo. Ni kuhesabu kaya zisizo na choo na kurudi kuona kama shimo lililoanza kuchimbwa limeisha. Ni kukagua mama lishe wanapooshea vyombo. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa Bara na Visiwani, na hadi Aprili 2016 wagonjwa walikuwa wamezidi 24,000. Tulifunga vibanda vya chakula na kupiga marufuku juisi za barabarani. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inatoa mamlaka hayo, na wakati mwingine hakuna budi. Lakini mama lishe aliyefungiwa kibanda hakuchagua kununua maji ya dumu yasiyojulikana yalikotoka. Alinunua yaliyokuwapo. Afisa anayemfungia bila kuuliza maji yalitoka wapi ameondoa sufuria moja na kukiacha kisima.

Sehemu ya mwisho ya kazi hii ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ni kurudisha jibu. Taarifa hupanda kutoka zahanati hadi wilaya, mkoa, wizara, hadi WHO huko Geneva, na mara nyingi haishuki. Muuguzi aliyetuma damu ya mgonjwa wake wiki tatu zilizopita anasikia matokeo redioni, kama wanavyosikia majirani zake, au hayasikii kabisa. Akipata mgonjwa mwingine wa ajabu, kwa nini asumbuke? Kurudisha jibu hakugharimu maabara mpya. Ni mratibu kupiga simu na kusema: ile sampuli yako haikuwa kitu, lakini ulifanya vizuri kuileta, na ukimwona mwingine kama yule nipigie usiku huo huo. Halmashauri inayotaka kujua ugonjwa ujao ukiwa na wagonjwa wawili badala ya 20 ianze kwa kuangalia ni sampuli ngapi za mwaka jana ambazo waliozituma hawajapata majibu yake, iwapigie simu, na iandike kwenye bajeti fedha za muda wa maongezi.